Diski moja kwa kikundi kizima

MKULIMA anayetaka kujua namna ya kupambana na kiduha katika shamba la mahindi si lazima amsubiri bwana shamba hadi msimu upite. Filamu fupi za mafunzo zipo kwenye intaneti, na baadhi yake, kama zile za shirika la Access Agriculture, zipo kwa Kiswahili na zinapakuliwa bure. Kinachowakwaza wengi ni gharama ya bando.

Tufanye hesabu kidogo. Chukulia filamu ya dakika 10 ina ukubwa wa megabaiti 100. Kikundi cha watu 30, kila mmoja akiitazama kwa bando lake, kitatumia megabaiti 3,000, na atakayetaka kuirudia atalipa tena. Lakini mtu mmoja akiipakua na kuiweka mahali ambapo wote wanaifikia, kikundi kimelipia megabaiti 100 tu.

Mahali hapo panaweza kuwa ofisi ya chama cha ushirika au duka la pembejeo lenye rauta, kile kifaa kidogo kinachosambaza intaneti bila waya. Baadhi ya rauta zina tundu la USB. Ukichomeka diski hapo na kuwasha huduma ya kugawana mafaili, simu na kompyuta zilizounganishwa na rauta hiyo zitaona kilichomo. Kwa simu, programu ya bure kama VLC inatosha kuonyesha filamu. Kwa kuwa filamu inatoka kwenye diski na si kwenye intaneti, haili bando. Hata salio la rauta likiisha, itaendelea kuonekana. Mwenye simu azime data kwanza, maana simu ikiona rauta haina intaneti inaweza kurudi kwenye bando lake.

Kabla ya kununua

Muulize muuzaji maswali mawili. Je, tundu la USB ni la kugawana mafaili, au ni la kuchajia simu tu? Na je, rauta inatumia utaratibu mpya wa kugawana mafaili? Rauta nyingi za zamani hutumia ule wa kwanza, SMB1, ambao Microsoft iliacha kuuweka katika matoleo mapya ya Windows 10 mwishoni mwa mwaka 2017, miezi michache baada ya virusi vya WannaCry kupita katika mianya yake. Rauta kuukuu ya bei poa inaweza kukataa kuelewana na kompyuta yako mpya.

Siri za kikundi

Hapa ndipo vikundi vinapoweza kuumia. Huduma ya kuonyesha filamu, iitwayo DLNA, kwa kawaida haiulizi neno la siri. Aliyeingia kwenye rauta anaona kila kilichowekwa humo, zikiwemo picha za stakabadhi na mikataba. Kwa hiyo filamu zikae katika folda ya wazi, na hesabu za kikundi katika folda nyingine yenye neno la siri, isiyoguswa na huduma hiyo. Badilisha pia neno la siri la rauta lililotoka nalo kiwandani.

Mwisho ni nakala. Mimi mwenyewe nilipoteza kumbukumbu za bei za mazao za misimu miwili baada ya diski kuanguka kutoka mezani. Filamu unaweza kuipakua upya, lakini daftari la madeni ya wanachama hulipati popote. Nunua diski ya pili, nakili hesabu kila mwisho wa wiki, kisha uihifadhi nyumba nyingine. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, mafaili yanaweza kuharibika, hivyo hakikisha nakala inafunguka kabla ya kuiweka kabatini.

Wahenga walisema akiba haiozi. Iliyo kwenye diski moja huoza.