"Kijiti": kesi iliyosikilizwa upya ndani ya taarab

Wapenzi wengi wa taarab ya zamani wanaujua wimbo wa "Kijiti" kwa kisa chake: mwanamume wa Unguja anamchukua mwanamke mgeni, wanatoka na wenzao kwenda kunywa, mgeni anauawa, muuaji anatokomea. Siti binti Saad ndiye aliyeuvumisha, na baada yake Bi Kidude akauimba hadi uzeeni. Visa vingi vya mauaji vimesahauliwa pamoja na majina ya waliouawa. Hiki kimebaki kwa sababu ya namna kilivyotungwa. Hoja yangu ni kwamba mbinu za kishairi ndani ya "Kijiti" si pambo la kukoleza habari. Zinafanya kazi ambayo mahakama ya wakati ule, chini ya himaya ya Mwingereza, ilishindwa kuifanya.

Tuanze na vina. Katika ufunguzi wa wimbo, kina cha "ti" kinayafunga pamoja maneno matatu: jina la Kijiti, foliti na maiti. Foliti ni mchezo wa watoto wa kukimbizana. Msikilizaji anatajiwa mtu, kisha mchezo, kisha maiti, na sikio linavipokea vyote kwa mlio mmoja, kana kwamba cha tatu kilikuwa kimeshajificha ndani ya cha kwanza. Hiki ni kinaya kikali. Atakayesema kwamba vina ni bahati tu, kwamba mtunzi huokota neno lolote linalolingana, akumbuke kuwa Kiswahili hakina uhaba wa maneno yanayoishia na "ti". Kulichagua jina la mchezo wa watoto kuelezea jinsi mwanamke alivyopelekwa vichakani kuuawa ni uamuzi, tena wa mtu anayejua anachokifanya.

Mbinu inayonishangaza zaidi ni ya nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya utungo. Wimbo unaanza kwa sauti ya umma, inayowaita watu waje watazame maovu. Mara sauti inageuka, na anayesema ni marehemu mwenyewe: anaeleza alivyoshawishiwa kuondoka, na anajuta kwamba lau angejua, angekataa. Hakuna mahakama duniani inayoweza kumwita shahidi huyo. Ushairi unaweza, na unafanya hivyo bila kutangaza kwamba msemaji amebadilika. Kwa kuwa mwimbaji ni mwanamke, "mimi" ya marehemu inatoka kinywani mwa mwanamke aliye hai, mbele ya wanawake wanaosikiliza. Halafu linakuja jambo la mimba. Mgeni alikuwa mja mzito, na wimbo unakariri tendo la kuua huku ukihesabu roho mbili. Takriri hapo inafanya kazi ya hati ya mashtaka.

Kisha tunaingizwa mahakamani. Hakimu yupo kitini, amekasirika, lakini hasira zake zinawageukia mashahidi, wanawake waliokuwa kwenye matembezi yale. Wao ndio wanaotishiwa kifungo, huku mtuhumiwa akiwa hayupo. Wimbo haumtukani hakimu hata kidogo, na haukuwa na haja ya kufanya hivyo. Unamwonyesha tu akiwageuzia kibao waliokuja kusema, na dhihaka inajitokeza yenyewe. Ndipo linapofuata apizo: Kijiti anaonywa asithubutu kwenda Dar es Salaam, na anaombewa augue matende. Sheria ilipokwama, umma ulichukua silaha ya mwisho iliyobaki mikononi mwake, yaani laana.

Wapo watakaosema kwamba huu ni umbea uliotiwa muziki, na kwamba si haki kumhukumu mtu kwa nyimbo kabla hajajitetea. Pingamizi la pili lina uzito. Wimbo haukumpa Kijiti nafasi ya kujibu, na jina lake limechafuka milele. Hata hivyo, umbea huwaficha wa kwake na kuwaanika wa wenzake, ilhali wimbo huu unakiri wazi kwamba wanawake walitoka nyumbani bila ruhusa, na pombe kali kapuni. Hauwasafishi ili tuwahurumie. Unakataa tu hesabu ya mahakama iliyowatisha mashahidi huku muuaji akitokomea, kana kwamba kikapu cha pombe ni kosa kubwa kuliko mauaji. Kwangu mimi, ukweli huo mchungu ndio unaoupa wimbo mamlaka ya kushtaki.

Siti alikuwa na sababu ya kuielewa hesabu hiyo. Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, katika familia yenye asili ya utumwa, akauza vyungu kabla ya kuimba. Taarab iliyokuwa ikiburudisha kasri la masultani kwa Kiarabu, yeye na wenzake waliiimba kwa Kiswahili cha watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Mwandishi Shaaban Robert alimwandikia wasifu, lakini darasani ushairi wa Kiswahili bado hufundishwa zaidi kwa tenzi na mashairi ya vitabuni. Walimu wanaotafuta mfano wa nafsineni inayobadilika katikati ya utungo wapige "Kijiti" darasani, kwa rekodi ya Bi Kidude, na wawaulize wanafunzi ni nani anayesema katika kila ubeti.