Watunga Sheria Waende Darasani

Wazee walisema, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Neno hili lawahusu sana watungao sheria za elimu.

Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, mwaka 1944, alikuwa mwalimu kabla ya hapo. Mwaka 1957 Waafrika walipochagua wajumbe wao 8 kwa kura, miongoni mwao Bwana Ronald Ngala, Bwana Oginga Odinga na Bwana Daniel arap Moi nao walikuwa wamepata kushika chaki. Habari za shule hawakuzipata kwa kuambiwa. Walikuwa wameziona kwa macho.

Walakini kuwa mwalimu zamani hakutoshi. Padre Leonard Beecher alifundisha Alliance High School, kisha akawasemea Waafrika katika Baraza lile lile. Mwaka 1949 aliongoza kamati iliyopendekeza masomo ya miaka 4 ya kwanza, 4 ya kati na 4 ya juu. Alliance ilikuwa shule ya wachache waliokwisha kuchujwa. Uchungu wa mpango ule ulimpata mtoto wa darasa la 4, aliyelazimika kushinda mtihani ndipo aendelee, na Waafrika wengi waliupinga. Baada ya uhuru, elimu ya msingi ikawa ya miaka 7 mfululizo.

Mwaka 2003 Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi, watoto zaidi ya milioni 1 waliongezeka. Hesabu ile ilipendeza katika karatasi. Lakini darasani mwalimu alibanwa na umati, na madawati hayakutosha.

Kwa hiyo mbunge apaswa kwenda shuleni. Ziara ya kupokewa kwa nyimbo na kuchinjiwa mbuzi haimfundishi mtu. Afike asubuhi bila kutangaziwa, aketi nyuma ya darasa mpaka kipindi kiishe, ahesabu ni watoto wangapi washirikiao kitabu kimoja, atazame vyoo, kisha amwulize mwalimu hubakia na madaftari mangapi ya kusahihisha usiku. Tena apite kwa wazazi ambao watoto wao wamebaki nyumbani, maana hao hawaonekani darasani.

Wazazi na kamati za shule nao wasimfiche mambo. Wamwonyeshe kwanza darasa linalovuja, ndipo wampeleke kwenye lile lililopakwa rangi.