WAKALA WA MAUZO NA MWAJIRIWA: TOFAUTI ZAO

Wananchi wanaouza bidhaa za kampuni hapa Zanzibar wanakumbushwa kwamba kuvaa fulana ya kampuni si kuajiriwa nayo.

Mwajiriwa hufanya kazi chini ya amri ya mwajiri, kwa saa zilizopangwa, na hulipwa mshahara hata mwezi ambao biashara imelala. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 inampa haki ya likizo na ya kupewa notisi kabla ya kuachishwa kazi. Aidha, yeye na mwajiri wake huchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1998.

Wakala wa kujitegemea hujipangia saa zake, na aweza kuuza bidhaa za kampuni zaidi ya moja. Malipo yake ni kamisheni. Nauli, maradhi na siku zisizo na mauzo ni juu yake. Asipojiwekea akiba kwa hiari, uzee utamkuta mikono mitupu.

Kwa hivyo, kabla ya kutia saini, kila mtu asome mkataba wake na ajiulize: nani anapanga saa zangu, nani anabeba hasara, na nani atanichangia Mfuko? Anayeitwa wakala huku akiamrishwa kama mwajiriwa afike kwa Kamishna wa Kazi apate ushauri.