Kuhamisha Dungusi Kakati Chunguni bila Madhara

Huko Mlali, chini ya milima ya Uluguru, kama ilivyo mahali pengi mkoani Morogoro, baraza za nyumba hupambwa kwa mimea iliyopandwa katika vyungu, makopo na ndoo kuukuu. Dungusi kakati ni mmoja wa mimea hiyo, kwa kuwa huvumilia kiangazi na hauhitaji maji mengi. Lakini baada ya miaka michache mizizi hujaa chomboni, na mmea hauna budi kuhamishwa. Kazi hiyo ikifanywa kwa pupa huweza kumjeruhi mtu mikono, au hata kumdhuru macho.

Jambo la kwanza ni kuutambua mmea wenyewe. Asili ya dungusi kakati ni bara la Amerika. Ni aina moja tu iotayo yenyewe katika misitu ya Afrika, Tanzania ikiwemo, nayo huota juu ya miti. Mimea mingi ya miiba ambayo watu huidhania kuwa dungusi kakati ni jamaa ya mnyaa, ule upandwao kuwa ua wa boma. Dungusi kakati ikikatwa kwa kawaida hutoa maji maji. Jamaa ya mnyaa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huunguza ngozi, na ukiingia machoni huleta maumivu makali na huweza kumpotezea mtu uwezo wa kuona. Kwa hiyo anayeuhamisha mmea wa namna hiyo yampasa kuvaa miwani, kutojigusa uso, na kunawa kwa sabuni amalizapo. Watoto wawekwe mbali.

Wakati ufaao ni mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za vuli. Mmea usinyweshwe kwa siku kadhaa, ili udongo ukauke na uachane na chombo. Chombo kipya kiwe kikubwa kidogo tu kuliko cha zamani, tena kiwe na matundu chini. Udongo wa bustani uchanganywe na mchanga wa mtoni ulio mnene kwa kiasi sawa, pamoja na changarawe kidogo, kwani maji yakituama mizizi huoza.

Mmea uzungushiwe gazeti lililokunjwa mara kadhaa au kipande cha gunia, kisha ushikwe kwa hicho. Chombo kigongwegongwe ubavuni na kuinamishwa taratibu. Mmea usivutwe kwa nguvu. Mizizi iliyooza ikatwe kwa kisu safi, na mmea uachwe kivulini siku chache hadi majeraha yakauke. Ndipo upandwe kwa kina kile kile cha awali, na usinyweshwe maji mpaka juma moja lipite.

Mpungate, wenye vipande bapa, wataka hadhari zaidi. Mbali na miiba mirefu, unavyo vijiba vidogo kama nywele ambavyo hupenya glavu za kitambaa. Vijiba hivyo vitolewe kwa kibanio, wala visitolewe kwa meno. Jeraha la mwiba lioshwe kwa sabuni. Likivimba, au ikiwa mtu hajachanjwa pepopunda, aende zahanati. Utomvu mweupe ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mwisho, masalio yasitupwe ovyo. Kipande kimoja cha mpungate kikianguka chini huota mizizi. Huko Laikipia, nchini Kenya, mpungate ulioletwa kutoka ng'ambo umeenea malishoni, na miiba yake hujeruhi vinywa na matumbo ya mifugo. Vipande vya mpungate vikaushwe juani juu ya bati au jiwe mpaka vife kabisa, kisha vichomwe moto. Masalio ya jamaa ya mnyaa yafukiwe, kwani hata moshi wake huwasha macho.

Makatibu wa vyama wanaombwa kuwasomea wanachama maelezo haya mkutanoni. Ua la barazani ni la mtu mmoja, bali malisho ni ya wote.