Goma: Vipande vya vitenge vinavyotupwa vinaweza kufunika mtoto usiku

Kila jioni, mafundi wa kushona wa Birere na wa kando ya soko la Virunga, mjini Goma, wanafagia vipande vya vitenge chini ya mashini zao. Vingi vinaishia kwenye takataka, vingine vinawashia makala. Hata hivyo, kitambaa hicho mteja alishakilipa aliponunua piece yake ya yadi 6. Ana haki ya kukiomba pamoja na nguo yake.

Jambo hili si dogo. Goma iko karibu metre 1500 juu ya bahari na usiku kuna baridi. Tena, tangu benki zifunge milango mwezi wa Januari 2025, feza ya mkononi imekuwa ngumu, na jamaa nyingi haziwezi kununua bulangeti jipya kwa kila mtoto.

Kwa bulangeti la mtoto, vinahitajika vipande 63, ambavyo vyote pamoja ni sawa na karibu yadi 2 na nusu za kitenge. Kwanza fua kila kipande na ukipige pasi, kwa sababu pamba mpya hurudi ikifuliwa na rangi inaweza kutoka. Usichanganye pamba na kitambaa kinachovutika: mshono utajikunja.

Kata kartoni moja ya sentimetre 20 kwa 20, na vipande vyote vikatwe kwa kufuata hiyo tu. Hapo ndipo kazi inapofaulu au inapoharibika, maana tofauti ya nusu sentimetre, ikirudiwa mara saba, inapindisha mstari mzima.

Shona vipande 7 kwa mstari, ukiacha sentimetre 1 kwa kila mshono. Fanya mistari 9, halafu uiunganishe. Utapata kitambaa cha karibu sentimetre 126 kwa 162.

Lakini vitenge peke yake havitoi joto. Joto linatoka katikati. Tandika chini bulangeti la zamani, hata lililochakaa. Juu yake weka shuka, uso ukiangalia juu, kisha vitenge ulivyounganisha, uso ukiangalia chini. Shona pande zote, ukiacha nafasi ya sentimetre 40. Geuza kwa kupitia nafasi hiyo, kisha uifunge kwa sindano ya mkono. Mwishoni, funga fundo la uzi wa nguvu kila mahali pembe nne zinapokutana. Mafundo hayo 48 yanazuia bulangeti la ndani kujikusanya upande mmoja wakati wa kufua.

Mishono yote imenyooka. Kwa hiyo msichana anayeanza kujifunza mashini ya mguu anaweza kufanyia mazoezi hapa, pasipo kuharibu kitenge cha mteja. Na akimaliza, mdogo wake atakuwa na kitu cha kujifunika.