Programu ya seva ikiachwa na mwenyewe, matengenezo ni ya nani?

MUGETA, Bunda — Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kutembea wilayani. Mkulima hulipwa, mwenye duka hurudisha mkopo, mwenye akiba huweka. Siku hizi sehemu ya hesabu hizo haimo tena daftarini. Imo kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, ambayo huenda iko Mwanza au Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Mugeta haioni, lakini salio lake limo humo.

Programu ya seva haisimami siku mtengenezaji anapoiacha. Huendelea kufanya kazi kama jana. Kinachokoma ni marekebisho ya kasoro za usalama, na kadiri miezi inavyopita wezi wa mitandao huzijua kasoro ambazo hakuna anayeziziba. Ni sawa na kufuli ambalo funguo zake bandia zimeanza kuuzwa gulioni: mlango bado unafungwa vizuri tu.

Mfano ulio karibu na mkopaji mdogo ni Mifos. Programu hii ya kutunza hesabu za mikopo midogo ilitolewa mwaka 2006 na Grameen Foundation ya Marekani. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuitumia bila ada. Mwaka 2011 wenyewe walijitoa. Kwa programu ya siri huo ungekuwa mwisho. Hii ilichukuliwa na jumuiya ya watumiaji na mafundi, ikaandikwa upya kwa jina la Mifos X, na kiini chake kikapelekwa Apache Software Foundation, ambako mwaka 2017 kilipata hadhi ya mradi kamili uitwao Fineract. Aliyebaki na Mifos ya zamani, hata hivyo, alikuwa na kazi ya kuhamisha hesabu zake, na kazi hiyo jumuiya haimfanyii mtu.

Hapo ndipo biashara huingia. Musoni, taasisi iliyoanza Kenya mwaka 2010 ikitoa na kupokea mikopo kwa simu badala ya fedha taslimu, ilizaa mfumo uliojengwa juu ya Mifos X, ambao taasisi nyingine huutumia kwa kulipa ada. Mteja hahangaiki na seva. Analipa, na ana mtu wa kumdai.

Chini ya programu ya hesabu kuna nyingine zinazoibeba, nazo huzeeka. MySQL 5.7, ghala la kumbukumbu lililotumika sana, liliachwa na Oracle Oktoba 2023. CentOS 7, mfumo wa bure uliopendwa na wenye seva, ulikoma Juni 30, 2024. Red Hat ilikuwa imekwisha kuwashtua watu Desemba 2020, ilipotangaza kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Jumuiya zikajibu mwaka huohuo wa 2021 kwa AlmaLinux na Rocky Linux, zote za bure. Kampuni nazo zikauza marekebisho ya CentOS 7 kwa wasiotaka kuhama.

Kwa chama kidogo, hesabu haiko kwenye bei ya programu. Njia ya jumuiya inafaa penye fundi wa kuajiriwa anayefuatilia marekebisho na kuyaweka kwa wakati. Pasipo fundi huyo, bure huwa ghali. Mkataba wa kulipia hununua muda wa kuhama, si zaidi. Ada hutozwa kwa seva na kwa mwaka, mara nyingi kwa dola, hivyo shilingi ikishuka gharama hupanda hata kama bei haijaguswa. Microsoft kwa mfano iliacha Windows Server 2012 Oktoba 2023, ikauza marekebisho ya ziada kwa miaka mitatu tu, hadi Oktoba 2026.

Mwenye hisa katika chama cha akiba na mikopo anaweza kuyaona haya kwenye makisio yanayoletwa mkutano mkuu: kama hakuna fungu la fundi wala la mkataba, basi seva haina mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, humtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde, iwe programu yake ni ya bure au ya kulipia.