Kubadilisha Boksi ya Stima: Kwa Nini Bei Hutofautiana?



Chumba chetu cha ushonaji hapa Laini Saba kilianza na cherehani za miguu na balbu mbili tu. Baadaye tukaleta pasi ya stima, halafu birika la stima. Tangu hapo, kila akina mama wakipiga pasi huku maji ya chai yanachemka, fyuzi ilikatika na chumba kikawa giza. Kisha ikatulia, haikatiki tena. Tulifurahi, mpaka siku tulipofungua boksi. Kumbe mtu alikuwa ametoa fyuzi na kutia kipande cha waya mnene! Plastiki ya boksi ilikuwa imeanza kuyeyuka, na nyuma yake ni ukuta wa mbao.

Tuliwatafuta mafundi wawili. Wa kwanza alitupa bei kwa simu bila kuja kuona. Wa pili alikuja, akafungua kila soketi, akahesabu, na bei yake ikawa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Karibu tumfukuze. Lakini tulimwomba atueleze kila shilingi inaenda wapi, na hayo aliyotueleza ndiyo tunataka kukugawia leo, kwa sababu tunajua wenye ploti wengi wana shida hiyo hiyo.

Kazi ya boksi ni nini?

Wengi wetu hudhani fyuzi au breka ipo ili kulinda redio na televisheni. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya ukipitisha stima nyingi kuliko uwezo wake hupata moto, na hapa kwetu waya umelala juu ya mbao, karatasi na mapazia. Breka hukata kabla ya waya kufika hapo. Kwa hivyo ukiweka breka kubwa juu ya waya mwembamba, umeondoa askari na kuacha mlango wazi.

Mambo yanayopandisha au kushusha bei

Kwanza ni mzigo. Chukua wati za chombo, ugawanye kwa 240 ambazo ndizo volti za stima yetu Kenya, nawe utapata ampea. Pasi ya wati 1,200 hula ampea 5. Birika la wati 2,000 hula zaidi ya 8. Ukijumlisha ni ampea 13, na fyuzi yetu ilikuwa ya 5, ya taa tu. Sasa fikiria ploti ya vyumba kumi, kila chumba na jiko la koili la wati 1,000. Wote wakipika jioni, hizo ni ampea 42 hivi, kabla hujahesabu taa wala pasi hata moja. Mzigo ndio huamua ukubwa wa swichi kubwa, unene wa nyaya na idadi ya breka.

Pili ni hali ya nyaya za zamani. Hapa ndipo mafundi wetu wawili walipoachana. Yule wa simu alihesabu boksi peke yake. Huyu wa pili aliona kuwa soketi zimeungwa kwenye waya wa taa. Kwa kawaida waya wa 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, na mashine ya kuchemsha maji ya kuoga hutaka wa 6 au zaidi. Boksi mpya juu ya nyaya mbovu ni kama kuvisha mgonjwa suti. Mara nyingi nyaya hugharimu kuliko boksi yenyewe.

Tatu ni athi. Huu ni waya unaokwenda kwenye rodi iliyopigwa ardhini, ili stima ikivuja ipate njia ya kurudi haraka na breka ikatike. Kwa nyumba ya mabati jambo hili si la hiari. Waya ukichubuka na kugusa bati, nyumba nzima inaweza kuwa na stima, na mtoto akiegemea ukuta ndiye anakuwa njia. Fundi hupima udongo; ukiwa mkavu au wenye mawe, rodi moja haitoshi. Zaidi ya hiyo kuna swichi ya RCD, ambayo hukata stima kufumba na kufumbua ikiona inavuja hata kidogo, milliampea 30 tu. Huongeza bei, lakini ndiyo inayookoa maisha.

Nne ni upande wa mita. Mita na laini inayoingia ni mali ya Kenya Power. Si wewe wala fundi wako mnaoruhusiwa kuvunja sili yake. Yako ni kuanzia baada ya mita. Ikiwa mzigo umezidi laini iliyopo, kwa mfano unataka kinu cha posho au karakana ya kuchomelea vyuma, itabidi kuomba laini ya fezi tatu. Hapo umbali kutoka transfoma na idadi ya nguzo ndivyo vitakavyosema. Gharama za kampuni nazo hubadilika: kuunganishwa stima ya nyumbani kulikuwa shilingi 35,000, na mwaka 2015 mpango wa Last Mile ukashusha hadi 15,000. Katika mradi wa mitaa ya mabanda wa miaka hiyo, wakazi walilipa 1,160 tu. Kwa hivyo usitumie bei aliyolipa jirani miaka iliyopita. Nenda ofisini uulize.

Tano ni bei ya vifaa. Waya ni shaba, na shaba huuzwa kwa dola duniani kote. Mwezi wa Mei 2021 bei yake ilipita dola 10,000 kwa tani, na Mei 2024 ikapita tena. Shilingi yetu nayo ilianguka hadi karibu 160 kwa dola Januari 2024, kabla ya kupata nguvu. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Ndiyo sababu fundi akikupa bei leo, husema isikae sana. Lakini jihadhari na waya wa bei rahisi ajabu: mwingine ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua kwa kisu; ukiona weupe ndani, rudisha dukani. Angalia pia alama ya KEBS.

Sita ni fundi mwenyewe. Mwenye leseni ya EPRA hulipwa zaidi ya kijana anayepanda nguzo usiku. Lakini hupima kazi akimaliza, hutia sahihi cheti, na anaweza kutafutwa kazi ikiharibika. Wale wa sambaza hawana breka, hawana athi, na nyumba ikiungua hutawaona.

Na kama nyumba yenyewe itabomolewa?

Swali hili liliulizwa na landilodi mmoja katika mkutano wetu, na si la kupuuzwa. Ardhi ya Kibera si yetu kwa hati, na wote tunakumbuka Julai 2018 tingatinga zilipopita kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Jibu la fundi lilitufaa: weka vitu vinavyoweza kung'olewa. Boksi ifungwe kwa skrubu juu ya ubao, nyaya zipite ndani ya paipu za plastiki juu ya ukuta, si ndani ya udongo. Siku ya kuhama unafungua na kuondoka navyo. Paipu hizo huongeza gharama kidogo sasa, na panya pia hawatafuni nyaya.

Kabla hujatoa pesa

Mwambie fundi aje aone. Bei ya simu usiikubali. Akuandikie vifaa mbali na kazi yake. Muulize: nyaya za zamani zitabaki? Athi imo? Leseni yako iko wapi? Cheti nitapata? Pesa zikiwa chache, fanya kwa awamu, lakini anza na athi, RCD na nyaya zilizochoka. Soketi za ziada zaweza kungoja.

Sisi tulilipa mara mbili, kupitia chama. Juzi pasi ilivuja na stima ikakatika papo hapo. Aliyekuwa ameishika alilalamika kwamba nguo zimechelewa. Tulimwambia ashukuru.